Warefu na Wafupi

Dzaleka, Jumatatu, 11 Januari 1999

Shule imefunguliwa pamoja na mvua, kwa hiyo nusu ya darasa haikuja, na nusu iliyokuja ililowa chapachapa. Nimefundisha desimali kwa kupiga kelele, maana mvua ikipiga bati mwalimu hana sauti.

Saa ya mapumziko mwalimu mkuu alituita. Ni Mmalawi, mtu mtaratibu, husema zikomo, yaani asante, hata anapokukaripia. Ametangaza kwamba muhula huu tutapata wageni, wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Lilongwe, watakaokuja Jumanne na Alhamisi kushirikiana nasi katika hesabu na sayansi kwa madarasa ya juu. "Hawaji kukagua," akasema. "Wanakuja kushirikiana." Akalirudia neno hilo, kisha akalirudia tena, na mimi mtu akinirudishia neno namna hiyo naanza kutafuta alichokificha nyuma yake.

Mwalimu Mulenda alipiga makofi peke yake. Mulenda anafundisha sayansi. Ametoka Fizi, kwetu Kongo, ni mfupi, mnene, mzee wa kanisa, na anajua kila mtu hapa kambi ya wakimbizi alizaliwa wapi na bibi yake aliolewa na nani. Tunatumia meza moja. Siku zote namwachia kiti kinachotazama dirisha, ili atazame nje na asinitazame mimi.

Jumanne, 12 Januari

Mvua. Sketi ya binti yangu Gabriella imeacha tena magoti nje. Nimefungua pindo lote lililobaki.

Alhamisi, 14 Januari

Wamekuja. Aliyepangwa na mimi na Mulenda anaitwa Limbani, kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, viatu vimejaa matope ya barabara ya Dowa na haoni haya. Anasomea kilimo. Nilimuuliza kwa Kiingereza kilimo na desimali vinakutana wapi, akacheka akasema vitakutana tu, Madam.

Halafu akaanza yeye kuuliza. Madam ametoka wapi? Bukavu. Hapo Bukavu hasa? Hapohapo. Na huyu Gabriella wa darasa la saba ni wako? Ni wangu. Baba yake naye ni mwalimu? Nikamwambia alikuwa dereva wa lori, Mushi kwa kabila kama mimi, akafa kwa malaria. Nimelisema hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulisema huku nasahihisha daftari.

Ukweli ni huu, na nauandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia. Jérôme, baba wa Gabriella, hakuwa Mushi na hakuwa dereva. Alikuwa karani, tulikaa Uvira, na kabila lake sitaliandika. Mtu wa kwetu hahitaji kuandikiwa. Ni lile lililotafutwa nyumba kwa nyumba mwaka 1996, na kwenye barieri za barabarani watu walitazamwa urefu na pua kabla ya kuulizwa jina. Jérôme hakuulizwa jina. Gabriella alikuwa darasa la nne. Tulipovuka ziwa nilimwambia kwamba tangu siku hiyo baba yake ni dereva, na hakuniuliza kwa nini.

Hapa Dzaleka majirani zangu wengi ni watu wa Fizi na Uvira. Tangu vita vianze tena Agosti, wanapata habari mbaya kila wiki, na habari hizo ni za kweli. Maombi, jirani yangu anayeshona nguo, alipoteza kaka zake wawili kule kando ya ziwa, na askari waliowaua anawaita kwa jina lilelile la kabila. Nilikaa naye kwenye mkeka siku zote za msiba. Nilimlilia kaka zake kwa machozi yangu mwenyewe, na huku nawaza kwamba siku atakapojua baba wa Gabriella ni nani, nitatafuta mahali pengine pa kulala. Kama patakuwepo.

Jumanne, 19 Januari

Leo nimeona jambo ambalo sijalipenda hata kidogo.

Limbani alichora ukutani mwa darasa mstari uliosimama, akauwekea alama za sentimita kwa chaki, toise kabisa, kipimo cha urefu kama cha dispensari. Akasema tutajifunza grafu kwa miili yetu wenyewe. Kila mtoto asimame, apimwe, aandikwe. Mulenda akashika rula juu ya vichwa, anaita kama mtu wa mnada.

"Cadeau, mutoto ya Maombi! Mita moja na mia... hapana, ngoja, simama muzuri. Mita moja na arobaini!"

Batoto wakacheka. Nimeandika "batoto", haya ndiyo mambo ya kukaa meza moja na Mulenda.

Ikafika zamu ya Gabriella. Rula ilibidi Mulenda aishike akiwa amesimama kwa ncha za vidole vya miguu. "Mita moja na sitini na nane! Huyu Mungu alimuvuta!" Darasa likasema eee. Gabriella akainamisha shingo kama anavyofanya akipita chini ya kamba ya nguo.

Kisha Limbani akawapanga kwenye mstari, warefu upande wa dirisha, wafupi upande wa mlango. Akampa Gabriella chaki, awe wa kwanza kuchora nguzo yake kwenye grafu. Nilimuuliza kwa nini yeye. "Naanza na warefu, Madam, inaonekana vizuri zaidi." Halafu akanitazama mimi, ninayefika kwenye bega la binti yangu, akasema kwa tabasamu, "Basi baba yake alikuwa mrefu?"

Nilijibu kwamba urefu ameurithi kwa babu yangu. Babu yangu alikuwa mfupi kuliko Mulenda.

Jumatano, 20 Januari

Maombi ameniuliza kwenye ukuta tunaopakana, tunaanika nguo. "Mama Gabriella, Cadeau anasema banabapima. Banabapima nini?" Nikamwambia ni hesabu. "Hesabu ya nini, ya kupima bantu?" Neno lenyewe baya: huku kwetu kupimwa ni kwa daktari, kwa fundi nguo, au kwa sanduku la maiti.

Jumanne, 26 Januari

Mvua kubwa, mto umefunga njia ya kwenda sokoni. Limbani na wenzake walifika kwa kabaza, zile baiskeli za kukodi, mwendeshaji akiwa amelowa kuliko wao. Wamechimba vitalu nyuma ya darasa pamoja na Mulenda na watoto. Sikwenda kutazama. Kiatu changu cha kushoto kimeachia soli.

Lazima niseme la haki: watoto wameelewa grafu. Nimewapa zoezi bila Limbani na wengi wamepata. Nafundisha jambo hilo mwaka wa tatu, kila mwaka najaribu kwa mchele na kwa siku za mvua, na hawajawahi kupata hivi. Hilo limeniuma kidogo.

Alhamisi, 28 Januari

Mulenda na Limbani wanacheka pamoja chini ya bati, wanagongana viganja kama marafiki wa zamani. Nilipofika walinyamaza. Labda walinyamaza kwa heshima. Mulenda akaniambia, "Mwalimu, huyu kijana ni muzuri, anajua kusikiliza." Hicho ndicho ninachokiogopa mimi.

Jumatatu, 1 Februari

Malaria, lakini si yangu. Darasa limebaki nusu.

Jumamosi, 6 Februari

Nimerudi kutoka Lilongwe, naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Nilikwenda Old Town, kwa kibali cha siku moja, kumtafutia Maombi uzi wa cherehani kwa wauzaji wa jumla, na chaki za darasa, maana za serikali zinaisha katikati ya neno. Mvua ikanikuta stendi. Nikajibanza chini ya kibaraza pamoja na watu na magunia. Mbele yangu, wamenipa mgongo, wamesimama Limbani na mwanamume mtu mzima, mwenye mwavuli na shati la kiofisi. Nilifungua mdomo nimsalimu. Ndipo nikamsikia.

"Ku Dzaleka tili ndi mitundu iwiri," akasema. "Yaitali ndi yaifupi. Tidzailekanitsa."

Niandike kwanza kuhusu neno hili mtundu. Siku tuliyoandikishwa tulipoingia Malawi, karani alinyanyua kalamu akauliza, "Mtundu?" Nikadhani anauliza kama Gabriella ni mtundu, nikajibu hapana bwana, ni mtoto mtulivu sana. Walicheka ofisi nzima. Baadaye muuza nyanya akanieleza: kwa Chichewa mtundu ni kabila. Tangu hapo sijalisahau.

Sasa lisome tena alilosema. Dzaleka tunayo makabila mawili. Marefu na mafupi. Tutayatenganisha.

Na yule mwenye mwavuli akajibu, akicheka, kwamba yale marefu ndiyo yenye kusumbua. Yaitali ndi imene imavuta. Chichewa changu ni cha sokoni, lakini kusumbua nakujua.

Sikununua chaki. Nilizunguka nyuma ya magunia wasinione, nikapanda minibasi iliyokuwa inaondoka, na njia nzima niliona mstari ule wa chaki ukutani na Gabriella ameinamisha shingo. Kwanza wanapima. Kisha wanaandika. Kisha anakuja mtu mzima mwenye shati la ofisi. Sijui wanataka nini. Labda kuna kambi nyingine, labda kuna watu wanaorudishwa, labda kuna mtu wa kwetu anayelipa. Mulenda ndiye aliyekuwa anaita majina.

Jumapili, 7 Februari

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Gabriella hatakwenda shule wiki hii.

"Niko na nini?" akauliza.

"Uko na malaria."

"Sawa," akasema, akalala, akajifunika shuka. Anaujua mchezo huu kuliko mimi.

Jumanne, 9 Februari

Limbani ameuliza Gabriella yuko wapi. Ameuliza asubuhi, ameuliza tena mchana. Nimesema ni homa. Amesikitika mno, kuliko inavyostahili kwa mtoto asiye wake.

Alhamisi, 11 Februari

Leo amekuja mpaka mlangoni kwangu. Kwangu! Ana machungwa kwenye mfuko na karatasi za mazoezi ili mgonjwa asibaki nyuma. Nani kakuonyesha nyumba? Mwalimu Mulenda. Nilisimama mlangoni nikauziba kwa mwili wangu wote, ambao hauzibi kitu. Akatazama juu ya kichwa changu, akamwona Gabriella ameketi anachambua mboga, mzima wa afya.

"Anaendelea vizuri, naona," akasema taratibu.

"Homa inakuja jioni," nikasema.

Akaacha machungwa kizingitini akaenda zake. Maombi alikuwa amesimamisha cherehani, anatazama.

"Mama Gabriella, ule kijana anatafuta nini kwako?"

Na hapo nikasema. Nilikuwa nimechoka kulibeba peke yangu, na Maombi alikuwa na uso wa mtu anayenipenda. Nikamwambia nilichosikia stendi, neno kwa neno: makabila mawili, marefu na mafupi, wanataka kutenganisha. Sikumwambia kwa nini naogopa. Nilidhani naweza kumpa nusu ya habari na kubaki na nusu.

Maombi alishika kifua. "Barefu na bafupi? Banapima batoto yetu juu ya ile mambo? Hata huku?"

"Usimwambie mtu," nikasema.

"Mi? Nitamwambia nani?"

Jumapili, 14 Februari

Kanisani, baada ya ibada, hakuna aliyekwenda nyumbani. Watu wamesimama vikundi vikundi. Nilipopita walinishika mkono kwa nguvu, kama mtu aliyeokoa jamaa. Mulenda alinitazama kutoka mlangoni na hakuja.

Jumanne, 16 Februari

Naandika kwa kirefu, maana sijui kama nitapata nguvu ya kulirudia.

Wazazi walikuja asubuhi, kabla ya kengele. Walijaa uwanja mzima wa shule, wanaume wana majembe waliyokuwa wanakwenda nayo mashambani, akina mama wana watoto mgongoni. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Limbani na wenzake wakashuka kwenye baiskeli, wakatabasamu, kisha wakaacha.

Baba mmoja wa Uvira alimwendea mwalimu mkuu. "Batoto yetu banapimiwa juu ya nini? Sisi tulikimbia ile mambo. Ukituambia ni hesabu, tuonyeshe hesabu."

Mwalimu mkuu hakuelewa lolote. Mulenda akatafsiri kwa Kiingereza, na nilimwona uso ukimbadilika alipofika kwenye maneno warefu na wafupi. Limbani akauliza, nani amesema hivyo? Yeye hajawahi kutaja kabila la mtu. Mama Cadeau, yaani Maombi wangu, akajibu kwa sauti: "Ulisema Lilongwe, kwa sitendi! Mitundu iwiri! Barefu na bafupi! Utabatenganisha!"

Halafu Limbani akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Twendeni," akasema. "Tafadhali, twendeni wote."

Akatuongoza nyuma ya darasa. Mimi nilikwenda wa mwisho. Kulikuwa na vitalu vyao, vimepaliliwa, vimezungushiwa kamba. Upande mmoja maharagwe mafupi, yamekaa chini kama kuku wanaoatamia. Upande wa pili maharagwe yanayotambaa, yamepanda miti yao mpaka usawa wa goti, mengine yamekosa mti yamejisokota kwa ya jirani. Kila mche una kibandiko chenye jina la mtoto, na kila wiki watoto waliupima na kuandika sentimita, baada ya kujifunza kupima kwa miili yao wenyewe.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeeleza, akiwa amekunja mikono kifuani kwa adabu. Kwa Chichewa mtu ana mtundu, mbuzi ana mtundu, kitambaa kina mtundu, na mbegu ina mtundu. Mitundu iwiri ya maharagwe, mirefu na mifupi. Ilikuwa imechanganyika kwenye kitalu kimoja, na mirefu huisumbua mifupi kwa kuipanda, kwa hiyo iliamuliwa itenganishwe. Yule mwenye mwavuli ni mwalimu wao wa chuo.

Mulenda akatafsiri mpaka neno la mwisho. Kisha bibi mmoja akainama akashika jani, akalitazama juu na chini, akasema, "Maharagwe!" Na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Watu walicheka mpaka wakakalia majembe. Walimpiga Limbani mgongoni, naye akacheka, machozi yanamtoka, nadhani ya woga. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilijiona mjinga, na kwa muda ule mfupi ujinga ulikuwa mtamu.

Halafu yule baba wa Uvira, akiwa bado anajifuta macho, akauliza, "Lakini nani njo alisikia ile neno kwa sitendi?"

"Ni Mama Gabriella," Maombi akasema, bila ubaya wowote, anacheka pia.

Wote wakanigeukia. Na kutoka kwangu macho yao yakaenda kwa Gabriella, aliyekuwa amenifuata shuleni bila ruhusa yangu, amesimama kando ya kitalu. Alikuwa amenyooka anatazama mche wake. Hakuinama.

"Eee," akasema mtu nyuma, sikuona nani. "Basi huyu njo maharagwe ya miti! Mbegu yake ilitoka wapi?"

Wakacheka tena. Kilikuwa kicheko kilekile, cha watu waliopona hofu. Lakini Maombi hakucheka mara hii. Alikuwa anamtazama Gabriella kutoka miguuni mpaka kichwani kama anavyotazama mteja kabla ya kukata kitambaa.

Hakuna mtu kambini aliyekuwa amempima mtoto wangu kwa jicho la namna hiyo. Limbani hakumpima hivyo, Mulenda hakumpima hivyo. Mimi ndiye niliyewaletea watu wale maneno warefu na wafupi, nikayaweka midomoni mwao, nikawaleta mpaka pale aliposimama.

Alhamisi, 18 Februari

Limbani aliniuliza, "Madam, kwa nini hukuniuliza mimi?" Ningemuuliza, naye angetaka kujua kwa nini naogopa. Nikamwambia Chichewa changu ni kibovu. Akasema atanifundisha. Ni kijana mwema. Inaniudhi kwamba ni mwema, nilikuwa nimeshamzoea akiwa mbaya.

Jumamosi, 20 Februari

Kwenye pompa ya maji wanamwita Gabriella Ya Miti. Watoto tu. Ameniambia mwenyewe, anapanga ndoo.

Jumatano, 24 Februari

Maombi amerudisha sahani yangu kwa mkono wa Cadeau. Siku zote huja mwenyewe.

Jumapili, 28 Februari

Redio ya jirani ilisema habari za kwetu, kisha ikazimwa nilipokaribia.

Jumanne, 2 Machi

Maombi ameniuliza, macho yako kwenye sindano: "Baba ya Gabriella, ule dereva, alikuwa ya Bukavu kabisa? Kwa upande gani?"

"Kadutu."

"Mi niko na shemeji alikaa Kadutu. Nitamuuliza kama alimujuaka."

"Muulize," nikasema. Nimekwenda ndani nikakaa kwenye kitanda. Nimefikiria Biwi, kule Lilongwe, kuna mama wa Bukavu ana chumba huko. Bila kibali cha kuhama kambini polisi watatukamata kabla hatujafungua mkeka. Nimefikiria kumwambia Maombi ukweli, nikamwona na kaka zake wawili, nikaacha.

Jumatatu, 8 Machi

Mvua imepungua. Mulenda, tunasahihisha: "Mwalimu, bantu banaanza kusema." Kusema nini? "Kusema tu." Akageuza kiti chake, sasa ananitazama mimi. Sijui ananionya au ananipima.

Alhamisi, 18 Machi

Maharagwe ya watoto yameanza kuzaa. Jumanne kutakuwa na siku ya wazazi, kila mtoto ataeleza grafu yake, kisha wanafunzi wa chuo waage. Nimemwomba Mulenda Gabriella asisimame. Akasema jina lake ameliandika Limbani mwenyewe, la kwanza, kwa sababu grafu yake ndiyo nzuri kuliko zote.

Jumanne, 23 Machi

Darasa lilijaa mpaka madirishani. Gabriella alisimama mbele na karatasi yake. Alieleza vizuri: mche ulikwenda polepole wiki mbili, kisha ukaruka ulipopata mti, kisha ukasimama. Alionyesha kwa kidole, akasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wazazi. Nilikuwa na fahari kiasi kwamba nilisahau kuogopa.

Limbani akauliza kama kuna mwenye swali. Cadeau akanyoosha mkono. Ni mtoto wa darasa lake, sidhani alitumwa, lakini mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na mkono wake uko begani mwake.

"Maharagwe inatoaka urefu kwa mbegu yake," Cadeau akasema. "Na we Gabriella, urefu yako unatoaka kwa nani?"

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Maombi, nilimwona yule baba wa Uvira. Limbani alikuwa anatabasamu akingoja jibu la sayansi.

Gabriella hakunitazama. Alikunja karatasi yake mara moja, akasema kwa sauti iliyo wazi:

"Sijui. Haikutoka kwa baba. Baba yangu alikuwa mufupi. Mufupi kabisa, kama Mwalimu Mulenda."

Darasa likacheka. Kicheko kikaenda mpaka madirishani. Na Mulenda, mzee wa kanisa, anayejua kila mtu alizaliwa wapi, akapiga tumbo lake akasema, "Njo hivyo! Mi na baba yake tunafanana!" Wakacheka zaidi. Maombi akaondoa mkono begani mwa Cadeau, akafunika mdomo, akacheka pia. Alinitafuta kwa macho akatikisa kichwa, kama mtu anayejionea aibu kwa mawazo yake. Jioni hii ameleta uji mwenyewe, kwa mikono yake.

Sijui Mulenda alituokoa kwa makusudi au alikuwa ananiambia kwamba anajua. Alipopita karibu yangu alinipongeza tu kwa Kifaransa, "Félicitations, Madame," akaenda kuosha mikono ya chaki.

Kwa hiyo tumepona. Nilichokitaka tangu Januari nimekipata, na amenipa mtoto. Nilimfundisha mwenyewe, na amefanya bila sauti kutetemeka.

Nyumbani hakugusa uji wa Maombi. Alikaa kitandani na sare yake, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, kwa sababu ya ukuta tunaopakana na Maombi:

"Mama, baba alikuwa murefu namna gani?"

Nilisimama ili nimwonyeshe. Niliinua mkono wima, vidole juu, tunavyoonyesha urefu wa mtu. Niliupeleka pale ninapokumbuka, nikausogeza, nikaurudisha. Nimefundisha vipimo muhula mzima, na sikuwa na hakika.

Gabriella akaja akasimama chini ya mkono wangu. Ulikuwa unagusa nywele zake.

"Hapana," akasema. "Pandisha."

Nikapandisha mpaka bega likauma.

"Bado, Mama. Pandisha."

Nikavuta kigoda, nikapanda, naye akainua macho kama mtoto wa darasa la nne.

"Bado."